Karo imelipwa, na nauli je?

Kila mwaka Januari ikifika simu yangu hujaa michango. Mtoto wa huyu ameitwa shule ya bweni, mtoto wa yule amepata nafasi ya chuo, tuchange karo jameni, na watu wa huku kwetu Kisumu huchanga kweli, hata mama wa omena pale Kibuye ambaye hajui siku yake itaishaje atatoa mia mbili na aombe jina lake lisisomwe. Naipenda sana hiyo roho yetu. Lakini mimi nauza vifaa vya umeme hapa mjini, waya, swichi, soketi, paipu za kondiuti zile za kupitishia waya, na vijana wanapita mbele ya kaunta yangu kutoka asubuhi hadi nifunge, wengine nawajua tangu wakiwa na yunifomu, na kitu nimeona ni kwamba wengi waliokwama hawakukwama juu ya karo. Karo ililipwa. Walikwama kwa vitu vidogo vilivyokuja baadaye, wakati sisi wachangaji tushapiga makofi tukarudi nyumbani.

Nikisema vidogo namaanisha vidogo kweli. Nauli ya kutoka Nyalenda hadi saiti ya mjengo kule Mamboleo kila siku kwa miezi mitatu. Ovaroli na buti. Kitambulisho ambacho hakijatoka. Cheti cha kidato cha nne kimefungiwa kwa ofisi ya shule juu ya deni. Shilingi 1,050 za cheti cha polisi cha tabia njema. Bando ya kutuma maombi. Hakuna mtu huitisha harambee ya buti, na kijana mwenyewe anaona aibu kusema amekwama kwa kitu cha elfu mbili baada ya mtaa mzima kumchangia elfu sabini, kwa hivyo ananyamaza, anaacha kwenda, na sisi tunakuja kusikia tu ati siku hizi yuko stendi ya boda.

Hayo ndio nataka kuongea leo, hiyo nafasi ya katikati. Kati ya shule na chuo, kati ya chuo na atachimenti, yaani ile miezi ya kujifunza ndani ya kazi, kati ya atachimenti na mshahara wa kwanza. Huko ndiko tunawapotezea.

Kuna binti mmoja wa Manyatta alikuwa anasomea umeme. Alipewa barua ya atachimenti atafute kampuni mwenyewe, na hapo ndipo shida huanzia, juu chuo kinakupa barua na kitabu cha kujaza kazi za kila siku, lakini kampuni hakikupi. Akazunguka mjini na ile barua kwa bahasha ya kaki hadi bahasha ikachakaa kona zote. Kila ofisi anaulizwa, umetumwa na nani? Siku alipoingia dukani kwangu hakuja hata kuomba kazi, alikuja kuuliza bei ya springi ya kukunjia paipu, ile unaingiza ndani ya kondiuti ndio ukiikunja isibonyee. Nikamtajia. Akaishika, akaigeuza, akairudisha kwa kaunta pole pole.

Nikamuuliza, "Nyathina, mwanangu, unaitaka ya nini?"

"Anti, kule chuoni tuko wengi na springi ni moja. Nimeona ikitumika tu, sijawahi kukunja na mkono wangu."

Kulikuwa na fundi mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, amekaa kwa stuli akingojea oda yake itolewe stoo. Nikachukua kipande cha paipu ya milimita 20 kilichokuwa nyuma nikampa, nikamwambia fundi mwonyeshe huyu mtoto. Mzee hakujibu, alitoa penseli nyuma ya sikio, akapima, akaweka alama, akaingiza springi mpaka alama ikawa katikati, alafu akampa yeye. "Weka kwa goti. Usikimbie. Ikunje izidi kidogo ile pembe unataka, juu ukiachilia itarudi." Ya kwanza ilibonyea. Ya pili ilikaa, na alipokuwa anatoa springi aliizungusha kwanza ndio ivutike vizuri, kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amemwambia hapo. Fundi akaniangalia mimi, si yeye, akasema, "Huyu mkono wake hauna haraka. Aje Jumatatu."

Watu wakisikia hiyo hadithi husema Mungu ni mwema, na ni kweli, lakini ningependa waangalie pia venye mambo yalienda. Yule fundi alikuwa na nafasi ya mtu wiki hiyo yote. Binti alikuwa anatafuta nafasi wiki hiyo yote. Huenda walipishana pale Oginga Odinga Street zaidi ya mara moja. Kilichokosekana ni mtu mmoja katikati anayewajua wote wawili, na mtoto wa mtu wa kujulikana huwa naye, babake anapiga simu moja tu jioni akiwa amekaa kwa kochi. Mtoto wa mama wa mboga hana huyo mtu. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati yao, na haionekani kwa matokeo ya mtihani.

Na hata baada ya Jumatatu kazi haikuwa imeisha. Fundi hakuwa na uwezo wa kumlipa mwanafunzi, ila chai na chapati ya saa nne alikuwa anatoa. Nauli ilikuwa mia moja kwenda na kurudi. Ukipiga hesabu, mia moja kwa siku, siku sita kwa wiki, miezi mitatu, haifiki elfu nane. Elfu nane! Familia ilikuwa imeuza ng'ombe na jamaa wamechangisha ili asome miaka miwili, na yote hayo yangeanguka juu ya elfu nane ambayo hakuna mtu aliiandika kwa bajeti. Chama chetu cha akina mama tuliiweka, tukawa tunatuma kila Jumapili jioni, si yote mara moja, juu pesa ya mara moja ikiingia kwa nyumba yenye njaa itanunua unga, na mimi siwezi kumlaumu mtu kwa hilo.

Wacha nitoke hapo niongee kidogo kuhusu idadi, juu kuna watu hufikiria hawa ni vijana wachache waliokosa bahati. Mtihani wa KCSE, ule wa mwisho wa sekondari, wa 2024 ulifanywa na watahiniwa 962,512. Waliopata C+ kwenda juu, yaani ile gredi ya kuingia chuo kikuu, walikuwa 246,391. Hiyo ni robo hivi. Waliobaki ni zaidi ya laki saba, kwa mwaka mmoja tu, na wengi wao wana miaka kumi na minane au kumi na tisa, wana nguvu, wana akili, na mahali kwingi siku ya matokeo nyumba zao zilikuwa kama za matanga. Na si ati hawana pa kwenda. C- inakuingiza diploma kwa polytechnic, D inakupeleka kozi ya krafti, na kozi ya atizani inamchukua hata aliyepata E, unaomba kupitia KUCCPS, ofisi ya serikali inayopanga wanafunzi vyuoni, kama wale wa chuo kikuu. Huku kwetu kuna Kisumu National Polytechnic, kuna Sigalagala kule Kakamega, na kuna vile vyuo vya ufundi vya kaunti, zamani tukiviita village polytechnic, ambavyo viko chini ya serikali za kaunti tangu ugatuzi uanze 2013. Nafasi zipo. Nimeingia karakana ambapo mashine za kushona zinangojea wanafunzi, na nje ya geti vijana wamekaa kwa ukuta.

Hii maneno si ya jana. Mwaka wa 1966 baraza la makanisa, NCCK, lilitoa ripoti likiuliza watoto wanaomaliza shule wanaenda wapi, na hapo ndipo polytechnic za vijijini zilipoanza. Miaka ya 70 wazazi wetu walichanga kwa harambee wakajenga vyuo vya ufundi wenyewe, RIAT hapa Kisumu, na WECO kule Kakamega ambayo leo ndiyo Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Watu waliuza kuku na mahindi kujenga hizo karakana. Kwa hivyo mtu asiniambie ati watu wa huku hawajali ufundi.

Lakini wakati ule kulikuwa na kitu kingine ambacho leo hakipo, na mimi naona hapo ndipo mambo yaligeukia. Kulikuwa na viwanda. Kiwanda cha sukari cha Miwani kilikuwa kimesimama tangu 1922. Hapa mjini kulikuwa na Kicomi, kiwanda cha nguo. Webuye kulikuwa na PanPaper iliyoanza kutengeneza karatasi 1974, Mumias kulikuwa na sukari. Mjomba wangu aliingia kiwandani kama kibarua wa kufagia na akatoka akiwa fita, fundi wa mitambo, hakuwahi kukaa darasa la chuo chochote, lakini tafadhali angalia kile kiwanda kilimpa. Kilimpa ovaroli. Kilimpa vifaa. Kilimweka chini ya fomani mmoja mkali ambaye hadi leo akimtaja anakaa wima. Na muhimu kuliko yote, kilimlipa wakati anajifunza, kidogo, lakini kila mwisho wa mwezi.

Miwani ilisimama mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kicomi ilikuwa imeenda hata kabla. PanPaper ikafungwa 2009. Mumias ikaingia kwa mikono ya meneja mrasimu, yule huwekwa na wadai kusimamia kampuni, 2019 juu ya madeni. Watu huhesabu kazi zilizopotea na ni sawa wahesabu, lakini kulipotea pia shule. Gharama ya kumtoa kijana kwa asiyejua hadi anayejua haikuisha pale viwanda vilipofungwa, ilihamishwa tu, ikaenda kwa mfuko wa kijana na mamake. Ovaroli ni yako, vifaa ni vyako, nauli ni yako, na miezi mitatu ya kujifunza utakula ulichokuja nacho. Alafu tunashangaa mbona wanaomaliza ni wale wenye kwao kuna kitu.

Kuna historia moja ya huku kwetu ambayo naipenda sana na naona haisimuliwi vizuri, ile ya ndege za Tom Mboya, yule mwanasiasa na kiongozi wa vyama vya wafanyakazi. Kila mtu anajua kwamba mwaka wa 1959 ndege ya kwanza ilibeba wanafunzi 81 wakaenda Marekani kusoma. Tukiisimulia tunafanya kama Mboya aliwatafutia elimu. Lakini ukiangalia vizuri, wengi wa wale vijana walikuwa tayari wameshapata nafasi na ufadhili kwa vyuo vya kule, walikuwa na barua mkononi. Walichokosa ni tiketi. Nauli! Mboya na marafiki zake wa Marekani walienda kutafuta pesa ya kukodi ndege, na mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ukaweka dola laki moja, na Wangari Maathai akawa kati ya walioenda mwaka huo wa 1960. Huku nyumbani vijiji vilichanga vya koti na vya kuanzia maisha. Na Mboya mwenyewe alilijua hilo pengo kwa ngozi yake, kijana wa watu wa Rusinga, babake mfanyakazi wa shamba la mkonge, aliacha masomo pale Mang'u kwa kukosa pesa ya kumalizia, akaenda kusomea ukaguzi wa afya. Yeye hakujenga chuo. Alitafuta nauli, na nchi ilipata walimu, madaktari na maprofesa kutoka kwa ile nauli.

Kwa hivyo ninaposema nauli ya tuktuk sijioni nikiongea mambo madogo.

Turudi kwa vyeti, juu hapo pananiuma. Kijana amemaliza kidato cha nne, ana deni la shule, elfu ishirini, elfu thelathini, na shule inakaa na cheti. Sheria ya baraza la mitihani, KNEC, ya 2012 hairuhusu shule kuzuia cheti cha mtu, na serikali imeagiza mara kadhaa viachiliwe, lakini enda uulize vijana wa Obunga wangapi vyeti vyao viko kwa kabati la mwalimu mkuu. Namwelewa mwalimu mkuu, ana mtu wa kuni na mtu wa maharagwe wanamdai. Lakini fikiria: kijana hapati kazi juu hana cheti, na deni halipiki juu hana kazi. Anaweza kukaa hivo miaka saba. Tulifuata kesi moja kama hiyo tukiwa na mzazi. Shule siitaji. Tulienda na barua ya chifu, tukaomba deni liandikwe kwa karatasi kama la mzazi na cheti kitoke, tukatoa kidogo tulichokuwa nacho, na kikatoka. Mama alikifunga kwa leso kama pesa. Ilikuwa safari moja ya matatu na maneno ya heshima, tena kijana mwenyewe alikuwa ameogopa kurudi pale tangu amalize, juu mara ya mwisho alifukuzwa getini.

Kitambulisho nacho. Wengi wanamaliza shule wakiwa na miaka kumi na saba, kumi na minane, na bila kitambulisho huwezi sajili laini ya simu kwa jina lako, huwezi fungua akaunti ya benki, saiti kubwa hazikuingizi getini. Kwanza unahitaji cheti cha kuzaliwa, na mtoto aliyezaliwa nyumbani kijijini alafu mamake akafariki, nani atamsimamia pale kwa chifu? Anapewa weiting kadi, ile karatasi ya kungojea kitambulisho, anatembea nayo. Mtu mzima mmoja akienda naye asubuhi moja tu hii maneno husonga. Mimi nimeona wazee wa mtaa wakifanya hivi bila kulipwa hata soda, na ningetamani wahesabiwe kama wafadhili wa elimu, maana ndivyo walivyo.

Na hizo stakabadhi za kuomba kazi. Sheria ya ajira ilirekebishwa 2022 ndio mwajiri asiitishe vyeti vya kibali kabla hajaamua kukuajiri, lakini matangazo bado yanakuja yakiitisha cheti cha polisi na vingine vyote siku ya kwanza ya kuomba. Kijana analipa, haitwi, cheti kinazeeka, analipa tena. Wenye kampuni ndogo ndogo mnaosoma hapa, hii mnaweza kuiacha kesho asubuhi na haitawagharimu chochote.

Sasa najua kuna mtu amekuwa akisoma huku akitingisha kichwa, anasema vijana wa siku hizi wavivu, wanachagua kazi, wanataka pesa ya haraka. Hii nimeisikia kwa mazishi, kwa kanisa, kwa matatu, na naikataa. Ndio, wavivu wapo, kama walivyo wavivu wenye miaka hamsini na ofisi. Lakini yule anayeamka saa kumi alfajiri kushusha mizigo ya viazi ndio apate nauli ya kuja darasani saa mbili, akisinzia darasani mwalimu anamwandika mvivu. Yule anayeacha kozi aende boda si mvivu, amepiga hesabu. Boda inalipa leo jioni. Kozi inalipa mwaka ujao kama kila kitu kitaenda sawa, na nyumbani kuna wadogo zake. Ukitaka achague kozi lazima jioni ya leo iwe na chakula, hakuna njia nyingine, hata umhubirie aje.

Na mabinti wenye watoto. Kenya imekuwa na sera ya kumrudisha shuleni msichana aliyejifungua tangu 1994, na wengi wanarudi kweli, lakini mtoto anakaa na nani? Kama bibi yuko, sawa. Kama hayuko, kuna mama wa mtaa anayelea watoto kwa siku, anataka pesa yake kila asubuhi kabla hujamwachia. Nimejua wasichana wa ushonaji na wa saluni ambao karo yao ilikuwa imelipwa na mfadhili hadi mwisho, na waliacha juu ya ile pesa ya asubuhi. Mfadhili alipoambiwa akasema hiyo haiko kwa mpango wao. Kwa nini isiwe? Ndiyo ilikuwa inashikilia mpango wote.

Kwa hivyo sisi kwa chama tulibadilisha venye tunafanya. Karo tuliwaachia wenye nguvu, basari ya NG-CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, na kaunti na wafadhili wakubwa, na tunasaidia watu kujaza hizo fomu kwa wakati, maana wengi hukosa si kwa kunyimwa ila kwa kuchelewa kusikia. Pesa yetu ndogo tukaiweka kwa ile nafasi ya katikati. Nauli, chakula cha mchana, ada ya mtihani wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, vifaa. Vifaa hatugawi bure, tunatoa kwa mkopo bila riba, plaisi, testa, bisibisi, msumeno wa chuma, springi, nyundo, na kijana analipa pole pole kutoka kwa kibarua, na wanalipa, nawaambia wanalipa, juu kifaa kikiwa chako hakuna fundi atakuambia leo hakuna kazi yako. Hustler Fund ilipoanza Novemba 2022 vijana wengi walianzia na mkopo wa mia tano. Mia tano ni mwanzo, siwezi kuidharau, lakini drili hainunuliki nayo.

Mtihani wa NITA naomba niutaje zaidi kidogo, wengi hawaujui vizuri. Kama kijana amejifunzia jua kali, hajakaa chuo, anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa serikali, anaanzia gredi ya tatu, anapanda ya pili, ya kwanza, na NITA wana kituo hapa hapa Kisumu. Siku hizi kuna pia utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu tayari anao, chini ya KNQA, mamlaka ya kitaifa ya vyeti na sifa za masomo. Tuna mafundi wa kuchomelea hapa Kibuye ambao geti zao ziko kwa nusu ya nyumba za Milimani lakini hawana karatasi hata moja, na zabuni ikija wanaifanya chini ya jina la mtu mwingine anayechukua nusu. Karatasi ya gredi ya tatu haikuongezei ujuzi, lakini inakuweka kwa meza.

Lakini ukiniuliza kati ya hivi vyote ni kipi kikubwa, nitasema ni yule mtu wa katikati. Pesa ya nauli inaisha. Mtu anayekupigia Jumatano kukuuliza umefika saiti, fomani amesemaje, mbona sauti iko chini, huyo haishi haraka. Kila kijana tunayemshika ana mama mmoja au mzee mmoja wa chama ambaye ni wake, anamwita anti au baba, na kazi ya huyo si kumpa pesa. Ni kumjua. Kujua ametishwa na mwajiri, kujua ameanza kukaa na watu gani, kujua alikosa kwenda Ijumaa juu aliazimwa viatu vikadaiwa. Hakuna ofisi inaweza kujua hivo vitu, na ni hivo vitu vinamtoa mtu kazini mwezi wa kwanza. Nadhani wanaotoa pesa kubwa za kusaidia vijana wangeweka hata kidogo kwa hawa watu wa kushika mkono, kwa mwaka mzima baada ya cheti, tungeona tofauti kuliko kuongeza warsha nyingine ya siku tatu hotelini.

Yule binti wa springi bado yuko na yule mzee. Alifanya mtihani akapita, sasa ni msaidizi anayelipwa, ingawa malipo huchelewa kontrakta mkubwa akichelewesha wao, na miezi mingine ni mibaya. Bado anakaa Manyatta. Anamlipia mdogo wake kidato cha tatu, huyo ni wa wale wa mwisho wa mfumo wa elimu wa 8-4-4 watakaofanya KCSE 2027, na ameshaanza kuniuliza huyo mdogo atafanya atachimenti wapi, hata kozi hajachagua. Nilimwambia huo ndio wakati wa kuuliza.

Kwa wenye wakshop, saluni, gereji, hoteli, mjengo, kuanzia Nyamasaria hadi Maseno, msimu mwingine wa atachimenti uko karibu na barua zitakuja tena kwa bahasha za kaki. Mwajiri anayelipa ile tozo ya mafunzo ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi aulize NITA pesa yake inaweza kurudi aje akimfundisha mtu. Asiyelipa, mwanafunzi mmoja anatosha, chai ya saa nne, na umweke karibu na fundi wako mwenye subira, si yule mwenye kelele. Saa hii chama chetu kina wawili wa umeme, mmoja wa kutengeneza friji, na mmoja wa mapishi ambaye ana mtoto wa miezi tisa, huyo ndiye anasumbua kupata nafasi kuliko wote kwa sababu zamu za hoteli zinaanza saa kumi na mbili asubuhi na mama wa kulea watoto anafungua saa moja. Kama una jikoni inayoanza saa mbili, huyo ni wako, chapati zake nimezila.